Makadamia: mti uliongoja karibu miaka 80 kuwa biashara

Ingia katika shamba dogo la kahawa huko Murang'a au Kirinyaga mwezi wa Aprili, uangalie chini ya ile miti mirefu iliyosimama pembeni mwa mistari ya kahawa. Mara nyingi utaona jambo la kushangaza kidogo. Miti miwili ya makadamia imepandwa mwaka mmoja, inanyeshewa na mvua ileile na kuwekewa samadi ileile. Mmoja umeangusha kokwa kubwa za mviringo, na ukizivunja unakuta kiini kimejaa vizuri. Wa pili umeangusha kokwa ndogo zenye ganda nene. Utahangaika nazo kwa jiwe, mwishowe upate kiini cha ukubwa wa harage. Mwenye shamba atakwambia tu, "Huu ndio mzuri. Ule tumeuachia ndege."

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa makadamia, msemo huo ni nusu ya ukweli. Mtoto wa makadamia atakuwa makadamia, sawa, lakini haina maana kwamba atazaa kama mamake. Hiyo tofauti ndogo ndiyo iliyochelewesha zao hili kuwa biashara kwa karibu miaka 80. Ndiyo iliyoamua ni nchi gani itangulie kutajirika kwalo. Na hata leo, mkulima wa Embu anaposhika msumeno akiutazama mti wake wa zamani na kujiuliza aukate au auache, swali lililo mbele yake ni lilelile. Hebu tulifuate tangu mwanzo.

Kabla ya kupewa jina la mkemia

Nyumbani kwa makadamia ni Australia, katika misitu ya mvua ya pwani ya mashariki, kusini mashariki mwa jimbo la Queensland na kaskazini mashariki mwa New South Wales. Ni eneo dogo sana ukilinganisha na ukubwa wa nchi yenyewe. Wenyeji wa huko, wakiwemo Wakabi Kabi na Wabundjalung, walikuwa wakiokota kokwa hizi na kuzivunja kwa mawe muda mrefu kabla mzungu yeyote hajafika. Walikuwa na majina yao kwa mti huu, na wazungu wa mwanzo waliiita kokwa hiyo kwa jina la mlima Bauple, ulioko Queensland, ambako miti hiyo ilikuwa mingi.

Wenyeji walijua pia jambo ambalo wanasayansi walikuja kulieleza baadaye: si kila makadamia inaliwa. Kuna spishi nne. Mbili zina kiini kitamu, nazo ni *Macadamia integrifolia* na *Macadamia tetraphylla*. Mbili nyingine, *ternifolia* na *jansenii*, zina kiini kidogo, kichungu, chenye kemikali zinazotoa sianidi. Ukitaka kuelewa hilo, fikiria muhogo mtamu na muhogo mchungu. Ni sumu ya jamii ileile, na ni busara ileile ya wazee wanaojua upi wa kutafuna hivihivi na upi wa kuacha.

Mwaka 1857 mtaalamu wa mimea Ferdinand von Mueller, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Melbourne, aliupa mti huo jina la kisayansi. Alimheshimu rafiki yake John Macadam, mkemia mzaliwa wa Uskoti aliyekuwa pia mwalimu na mwanasiasa huko Victoria. Macadam hakuwa mkulima wala mtaalamu wa misitu. Alifariki mwaka 1865 akiwa safarini baharini kuelekea New Zealand, umri wake miaka 38. Kwa hiyo kila mara tunapotamka jina la zao hili, tunamtaja mtu ambaye hakulilima, na kuwaacha nje waliolila kwa vizazi na vizazi.

Mwaka 1858 Walter Hill, mkuu wa bustani ya mimea ya Brisbane, alipanda mti ambao unahesabiwa kuwa makadamia ya kwanza kupandwa kwa makusudi na wazungu. Kuna hadithi inayosimuliwa sana kuhusu Hill: kwamba alimpa kijana kazi ya kuvunja kokwa ili mbegu ziote haraka, na kijana yule akazila. Hill, akidhani zina sumu, akangoja amwone akianguka. Kijana hakuanguka, akasema ni tamu! Iwe kweli au chumvi, hadithi inatuonyesha hali ilivyokuwa. Wakoloni walikuwa wakigundua upya chakula ambacho majirani zao walikuwa wanakijua siku zote.

Miaka ya 1880, mkulima aitwaye Charles Staff alianzisha shamba la kwanza la biashara huko Rous Mill, karibu na Lismore. Unaweza kudhani kwamba kuanzia hapo zao lingepaa. Halikupaa. Kwa miongo mingi makadamia ilibaki mti wa uani, mti wa kivuli, kitu cha watoto kuvunja kwa nyundo siku ya mapumziko. Kwa nini?

Shida iliyofichwa ndani ya mbegu

Sababu ya kwanza ni ganda. Makadamia ina mojawapo ya maganda magumu kuliko yote katika kokwa zinazoliwa. Lakini hilo ni tatizo la mashine, na mashine hutengenezwa. Tatizo zito zaidi lilikuwa ndani ya mbegu yenyewe.

Maua ya makadamia huning'inia katika vishada virefu, kila kishada na maua zaidi ya mia. Katika hayo yote, machache sana ndiyo yanayofikia kuwa kokwa. Nyuki na wadudu wengine huhamisha chavua, na mti wa makadamia kwa kawaida huzaa vizuri zaidi ukipata chavua ya mti mwingine kuliko ya kwake wenyewe. Kwa mti, hii ni mbinu nzuri ya kuishi, maana watoto wake hawafanani na ugonjwa mmoja hauwezi kuwamaliza wote kwa mpigo. Kwa mfanyabiashara, ni balaa.

Maana fikiria. Umeona mti mmoja wenye kokwa kubwa, ganda jembamba, mavuno mengi. Unachukua mbegu zake mia, unapanda. Kila mbegu ina nusu ya urithi kutoka kwa mama yule mzuri, na nusu kutoka kwa baba usiyemjua, labda mti mbovu ng'ambo ya mto. Hata ile nusu ya mama imechanganywa upya, kama karata zilizochanganywa kabla ya kugawiwa. Unangoja. Mti uliotokana na mbegu huchukua miaka saba, wakati mwingine kumi au zaidi, kabla ya kuzaa vya kutosha. Siku ya mavuno ndiyo unagundua kwamba katika miche yako mia, michache ndiyo yenye faida. Miaka kumi imekwenda!

Ndugu msomaji, kama umewahi kupanda mbegu ya embe tamu ukapata mti wa maembe ya nyuzi, unajua uchungu huo.

Honolulu: pesa ipo, miti haikubaliani

Mbegu za makadamia zilifika visiwa vya Hawaii mwanzoni mwa miaka ya 1880, zikiletwa na William Purvis, mtu wa mashamba ya miwa, akazipanda huko Kukuihaele. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ndugu wawili wa ukoo wa Jordan nao walileta mbegu nyingine na kuzipanda Honolulu. Nia haikuwa chakula. Makadamia ilipendwa kama mti wa mapambo, wa kukinga upepo na wa kurudisha misitu kwenye vilima vilivyobaki vipara.

Biashara ilianza kuwaziwa na Ernest Van Tassel. Mwaka 1922 alikodi ardhi kwenye mlima ulio juu ya jiji la Honolulu, akaunda kampuni, akapanda miche kwa mbegu. Alikuwa na mtaji, alikuwa na ardhi, na mapema miaka ya 1930 alikuwa na kiwanda. Kilichomsumbua ni kilekile kinachomsumbua mkulima wetu wa Murang'a. Miti yake haikufanana. Kokwa za kila saizi, maganda ya kila unene, viini vya kila ladha, vyote viliingia kiwandani kwa pamoja. Mashine iliyopimwa kuvunja kokwa kubwa ilipitisha ndogo bila kuzigusa. Ikipimwa kwa ndogo, ilisaga kubwa.

Dawa ya shida hii ilikuwa inajulikana tangu zamani za kale kwa miti mingine: kupandikiza, au kama wanavyosema wakulima wengi wa Tanzania, kubebesha. Badala ya kupanda mbegu ya mti mzuri, unakata kijiti chake, yaani kikonyo, na kukiunganisha kwenye mche mwingine wenye mizizi. Vikishikana, sehemu ya juu inabaki kuwa mti uleule mzuri. Mtoto, bahati nasibu, kuchanganya karata, vyote havipo tena. Ni mwili mmoja umeongezewa miguu mipya. Machungwa hufanywa hivyo, na hata parachichi la Hass linalouzwa duniani kote limetokana na mti mmoja tu uliopandwa California miaka ya 1920.

Lakini makadamia ilikataa. Mbao zake ni ngumu, na vikonyo vilikauka kabla ya kushika. Kwa miaka mingi watu walijaribu, wakashindwa, wakarudi kwenye mbegu.

Ufumbuzi ulipatikana katikati ya miaka ya 1930 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Chuo Kikuu cha Hawaii, na anayetajwa zaidi ni Ralph Moltzau. Ukiusikia utauona mwepesi mno. Wiki kadhaa kabla ya kukata kikonyo, unabandua gome la tawi kwa mduara, kama pete. Kwa nini pete? Majani hutengeneza sukari, na sukari hushuka kuelekea kwenye mizizi kupitia tabaka la ndani la gome. Ukilikata, maji yanaendelea kupanda kupitia kwenye mbao, lakini sukari haina tena njia ya kushuka. Inarundikana juu ya pete. Ukija kukata tawi hilo, kikonyo chako kimeshiba. Kina akiba ya kutosha kukaa hai siku zote ambazo kidonda kinapona na mishipa ya pande mbili kukutana.

Ni hivyo tu. Kikonyo kilikuwa kinakufa njaa, na mtu akafikiria kukilisha kwanza. Kutoka Walter Hill hadi pete ya gome ni karibu miaka 80.

Kutoka maelfu hadi wachache

Baada ya kujua kupandikiza, swali likageuka: tupandikize kutoka mti upi? Hapo ndipo ile "balaa" ya miche isiyofanana ilipogeuka kuwa hazina. Mashamba ya akina Van Tassel yalikuwa yamejaa maelfu ya miti, kila mmoja na tabia yake. Kuanzia mwaka 1936 J. H. Beaumont na wenzake, na watafiti waliowafuata, waliizungukia miti hiyo mmoja mmoja. Walipima uzito wa kokwa, unene wa ganda na kiasi cha mafuta katika kiini. Waliihesabu mavuno mwaka hadi mwaka, maana mti unaweza kukudanganya mwaka mmoja.

Waliegemea spishi ya *integrifolia*. Ile nyingine, *tetraphylla*, ina kiini chenye sukari nyingi zaidi. Mdomoni ni tamu, lakini ukikikaanga hubadilika rangi na kuwa kahawia bila mpangilio, na soko lilitaka kokwa nyeupe zinazofanana kama shanga.

Mwaka 1948 kituo kilitangaza aina tano za kwanza zenye majina, zikiwemo Keauhou na Kakea. Maelfu ya miti yamechujwa, imebaki mitano. Mwaka huohuo kampuni kubwa ya Castle & Cooke ilianza shamba lake karibu na Hilo. Ghafla makadamia ikawa zao la kiwanda: safu ndefu za miti inayofanana, kokwa zinazofanana, mashine zinazofanya kazi. Watalii walizibeba nyumbani kwenye makopo, na Wamarekani wengi wakaamini kwamba makadamia ni kokwa ya Hawaii tangu asili.

Australia ilitazama haya yote ikiwa nyuma. Miaka ya 1960 kampuni kubwa ya sukari ya huko, CSR, ilipoamua kuwekeza katika makadamia, ilitumia pia aina zilizochaguliwa Hawaii. Mti ulirudi kwao kama mgeni, ukiwa na jina la Kihawaii. Ilibidi ifike mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo Australia iipite Hawaii kwa uzalishaji, na baadaye Afrika Kusini nayo ikapanda hadi mstari wa mbele.

Sasa, kuna jambo ambalo wachaguzi wa 1948 hawakuwa na njia ya kuliona. Mwaka 2019 watafiti wa Australia walichapisha uchunguzi wa DNA ya kloroplasti za makadamia. Kloroplasti ni zile chembe za kijani ndani ya jani, na kwa kawaida hurithiwa upande wa mama peke yake. Kwa hiyo ukizifuata unapanda ngazi ya mama, bibi, mama wa bibi, hadi msituni. Karibu aina zote za Hawaii walizopima zilikuwa na alama ileile ya ukoo wa mama, na alama hiyo waliikuta kwa miti ya porini upande wa kaskazini wa eneo la asili, karibu na mji wa Gympie, Queensland. Inaelekea kwamba mbegu zilizozaa biashara ya Hawaii zilitoka kwenye miti michache sana ya sehemu hiyo, pengine hata mmoja.

Tuwe waangalifu kidogo: kloroplasti zinaeleza upande wa mama tu, na baba wanaweza kuwa tofauti. Pia ziko aina nzuri ambazo hazikutoka Hawaii, kama Beaumont, mseto wa spishi mbili unaopandwa sana Afrika Kusini. Hata hivyo picha inatia wasiwasi. Sehemu kubwa ya miti ya biashara duniani ni ndugu wa karibu mno. Tumewahi kuona mwisho wa mchezo huo kwenye ndizi. Aina ya Gros Michel ilitawala soko la dunia, yote ikiwa mmea mmoja uliorudiwa mara mamilioni, hadi kuvu wa ugonjwa wa Panama alipoisambaratisha katikati ya karne ya 20.

Na huko msituni, akiba inapungua. Misitu mingi ya asili ya makadamia ilikatwa kupisha mashamba na miji. Spishi zote nne zinahesabiwa kuwa hatarini. Ile ya *jansenii*, iliyogunduliwa na wanasayansi mwaka 1983 tu, inapatikana porini sehemu moja pekee ya Queensland, na mioto ya mwaka 2019 ilifika hadi huko.

Thika, na kivuli cha kahawa

Sasa turudi nyumbani. Makadamia iliingia Kenya katikati ya miaka ya 1940, ikiletwa kutoka Australia na mlowezi Bob Harries, aliyekuwa na shamba karibu na Thika. Alianza na mbegu chache, na baada ya muda kitalu chake kikawa kinauza miche. Miaka ya 1960, baada ya uhuru, miche mingi ilisambazwa kwa wakulima wadogo wa nyanda za kahawa: Kiambu, Murang'a, Kirinyaga, Embu, Meru. Karibu yote ilikuwa miche ya mbegu, ya spishi zote mbili tamu pamoja na machotara yake.

Mti huu uliingia vizuri katika shamba la mkulima mdogo kwa sababu haukuomba shamba lake wenyewe. Sheria ya wakati huo haikumruhusu mkulima kung'oa kahawa apendavyo, kwa hiyo makadamia ilisimama katikati ya kahawa au mpakani, ikitoa kivuli na kuni. Kampuni ya Kenya Nut, iliyoanzishwa mwaka 1974 na Mjapani Yoshiyuki Sato, ilileta kiwanda cha kubangua. Kisha mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgao wa kahawa yakavunjika, bei ya kahawa ikaanguka, na ile miti ya pembeni ikaanza kulipa karo.

Lakini kumbuka mashine ya Van Tassel. Viwanda vya Kenya vilikuwa vinapokea mchanganyiko uleule wa kokwa zisizofanana. Watafiti wa serikali katika kituo cha Thika, wakisaidiwa na Japani, wakafanya kilichofanyika Hawaii, kwa tofauti moja ninayoipenda. Hawakuwa na shamba la mwekezaji la kuzungukia. Walizunguka mashamba ya wakulima. Ule mti ambao mama mmoja aliusifu kwa majirani, ule ambao watoto waligombania, ndio waliopima. Ndiyo maana aina za Kenya zina majina yanayosomeka kama namba za gari: KRG-15 ya Kirinyaga, MRG-20 ya Murang'a, EMB-1 ya Embu. Kila mche uliopandikizwa wa KRG-15 unaouzwa leo kitaluni ni kipande cha mti uliojiotea kwa bahati katika shamba la mtu huko Kirinyaga.

Nikiwafikiria wakulima hao, naona walifanya nusu ya utafiti bila kulipwa. Walipanda, wakangoja miaka kumi, wakaacha mizuri isimame. Watafiti walikuja na mizani.

Kiini kinachoelea

Kuwa na mti mzuri ni jambo moja, kuvuna vizuri ni jingine. Kiini cha makadamia kilichokomaa kina mafuta mengi sana, asilimia 72 na zaidi. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo kiini kilichokomaa huelea na kile kichanga huzama. Viwanda hutumia ukweli huu kupanga madaraja, na hata wewe jikoni unaweza kujaribu kwa viini vibichi na bakuli la maji.

Kokwa nyingi zilizokomaa huanguka zenyewe. Unachotakiwa kufanya ni kungoja na kuokota. Lakini kungoja ni anasa. Wezi huja usiku, na dalali huja mchana na pesa mkononi wakati karo inadaiwa. Basi mti unapigwa fimbo kabla ya wakati, viini vichanga vinaingia gunia moja na vilivyokomaa, na mnunuzi wa ng'ambo anapovitia majini vinazama. Kwa sababu hiyo serikali ya Kenya hutangaza msimu wa kufunga uvunaji, kwa kawaida kuanzia Novemba, ili miti iachwe ikomaze.

Kulikuwa na vita vingine pia, vya nani abangue. Wanunuzi wa China walipoanza kutafuta makadamia yenye maganda, bei ilipanda na wabanguaji wa ndani wakakosa mzigo. Mwaka 2009 Kenya ikapiga marufuku kuuza nje makadamia ghafi, ili kazi ya viwandani ibaki nchini. Wenye viwanda walifurahi. Wakulima wengi walilalamika kwamba mnunuzi wa ushindani ameondolewa. Kisha, baada ya janga la korona na mavuno makubwa ya dunia, bei ikaporomoka: kufikia 2023, kilo iliyokuwa ikilipa zaidi ya shilingi 100 ilishuka chini ya shilingi 50 sehemu nyingi. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ililegeza marufuku kwa mwaka mmoja ili mizigo iliyolala majumbani iondoke.

Msumeno na mti wa bibi

Tumerudi kwa mkulima wetu na miti yake miwili. Anaambiwa na kila afisa wa kilimo: ondoa ile ya mbegu, panda iliyopandikizwa, itazaa baada ya miaka mitatu hadi mitano badala ya kumi. Ni ushauri wa kweli. Mtu mwenye nusu eka hawezi kulisha mti usiomlipa, na wengine wameshaamua kukata makadamia na kuweka parachichi.

Ila historia yote tuliyoipitia inasema jambo moja waziwazi. Hawaii ilipata miti yake mitano kwa sababu ilikuwa na maelfu ya miche isiyofanana. Thika ilipata KRG-15 kwa sababu wakulima walikuwa na miti isiyofanana. Kila aina bora ilitoka katika vurugu ya mbegu, na kila mara tulipopata aina bora tulianza kuifagia vurugu hiyo. Ugonjwa mpya ukija, au mvua zikibadilika kuliko zilivyobadilika tayari, aina ya kesho haitatoka kwenye vikonyo. Kikonyo hakina jipya, kinarudia tu kilichokuwapo. Itatoka kwenye mti kama ule ulioachiwa ndege, ambao pengine una ukinzani ambao hakuna aliyewahi kuupima.

Gharama ya kuitunza miti hiyo, hata hivyo, haiwezi kuachwa mabegani mwa mtu mmoja mwenye nusu eka. Benki za mimea hai, mashamba ya vituo vya utafiti, hata viwanja vya shule na makanisa vinaweza kubeba sehemu. Na kuna njia ya katikati ambayo wakulima wengi wanaijua: kuukata mti wa zamani kwa juu na kupandikiza aina mpya kwenye shina lake, huku ukiacha tawi moja la asili liendelee kuchanua. Mizizi ni ya bibi, matawi mengi ni ya soko, na tawi moja linabaki kuwa kumbukumbu.

Kwa hiyo ukikutana na kokwa ngumu ya makadamia chini ya mti wa zamani, usiitupe haraka. Ivunje, uionje, uulize mti umepandwa lini na mbegu ilitoka wapi. Ikiwa ni ya ajabu, yaani kubwa kupita kawaida, au inazaa mwaka ambao mingine imegoma, mwambie mtu wa kituo cha utafiti kilicho karibu. Aina iliyopo kitaluni leo ilianza hivyo hivyo, kwa mtu kuuona mti mmoja na kusema, "Huu ndio mzuri."